Naomba ushauri: vichaka vya Buxus ni kijani kwa nje lakini vinakauka kwa ndani

Ndugu wanajumuiya, nawasalimu.

Nina vichaka vya Buxus sempervirens, vya ile aina fupi inayobaki kijani mwaka mzima, nilivyovipanda viwe ua wa chini kando ya njia ya bustani. Kwa nje vimeshonana na vinapendeza, lakini nikiyatenga matawi kwa mikono naona ndani vijiti vitupu na majani makavu yaliyonasa. Ninafahamu kwamba kupunguza ncha peke yake hujenga tabaka zito la majani linalozuia mwanga na hewa, kwa hiyo nafikiria kukata baadhi ya matawi kutoka ndani. Je, nifanye hivyo kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo kila msimu, ikizingatiwa kwamba mmea huu hukua taratibu sana?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni majani yenyewe. Baadhi yana malengelenge upande wa chini, na nilipopasua mojawapo nilikuta kibuu kidogo cha manjano. Vijitini sioni michirizi myeusi, ndiyo maana sidhani kuwa ni ule ukungu unaopukutisha majani kwa kasi.

Je, kukata na kuteketeza ncha zilizoathirika kabla vibuu hivyo havijageuka inzi na kutoka kunatosha, au nipulizie dawa? Nisingependa kabisa kuwadhuru nyuki, ambao hufuata maua madogo ya Buxus.

Mizizi ya Buxus huwa juujuu, kwa hiyo sitifui udongo. Nimeweka matandazo membamba mbali na shina. Tafadhali nielekezeni.