Kanifutia kazi kwa TAMBARA LA DEKI, rangi haijakauka!

FundiVioo_Maweni
Watu wa Malindi, naandika hapa mkono unatetemeka na saumu iko mdomoni. Simtaji, ila kila aliyewahi kununua dera mjini kwa bei ya kiwanja anamjua. Yule wa nyuma ya kaunta, feni imemwelekea yeye peke yake, wateja wanaoga jasho. Huyo huyo.

Kanifutia kazi kwa tambara la deki! Lile lililolala kwenye ndoo mlangoni mwa choo!

Tulikubaliana vizuri: nimwandikie tangazo kioo kizima cha mbele cha duka, "OFA YA IDD, NUSU BEI", nyekundu iliyokolea, mwezi na nyota pembeni. Nikamwambia naandikia ndani, maana rangi ya maji ukiipaka nje, mvua moja ya asubuhi inaiteremsha yote barazani. Akasema sawa fundi. AKASEMA SAWA.

Nikasafisha kioo kwa spiriti, kwa sababu upepo wetu wa bahari unaacha utando wa chumvi na rangi haishiki. Nikapiga mistari ya chaki kwa nje, nikaingia ndani, nikaandika herufi kinyume moja moja kutoka kulia kwenda kushoto. Wenye kazi wanajua: ukiandikia ndani, nyekundu inatangulia, ikishika unaifunika na nyeupe kwa nyuma ili mwanga usipenye na maandishi yasomeke toka mbali. Kwa hivyo aliye ndani anaona mabaka meupe tu. Kazi iko nje! Unatoka hatua tatu, unageuka, unasoma.

Hakutoka. Wallahi hakutoka! Kaja pale, katazama, kaniambia, "Weye, umenipaka chokaa duka langu? Hii hati ya mganga?" Kina mama wamejaa wanajipimia madera. Sijafungua mdomo, tambara hilo! FYAAA, kutoka OFA mpaka NUSU. Maji meusi yanachuruzika juu ya mwezi wangu. Namwambia tajiri toka nje kwanza uone, ananiambia nitoke mimi. Pesa hakunipa, hata ya rangi.

Angefuta kwa kitambaa kisafi ningenyamaza. Tambara la deki, jamani! Mbele za watu! Msiende dukani kwake.

MamaMadera_Shela
Mie nilikuwemo. Kafuta kweli, na yale maji yamenirukia buibui. Buibui langu nani analilipa? Na hiyo nusu bei ni uongo mtupu, dera la 800 kaliandika 1,600 ndipo akalikata nusu.

Mtoro_wa_Kusi
Fundi, ulichukua arbuni? Kazi bila arbuni ni sadaka. Mwezi mtukufu huu, utapata thawabu zako.

FundiVioo_Maweni
Nilimwamini! Alisema sawa! Na kama ni kufuta, kwa nini deki?

Kijana_wa_Stika
Ndiyo maana mimi nachapa stika, nabandika, naondoka zangu. Brashi waachieni wazee.

FundiVioo_Maweni
Stika yako ikipigwa na jua inajikunja pembe zote, gundi inabaki, mwenye duka anakwangua kwa wembe mpaka Idd ya pili. Rangi yangu naitia tone la sabuni ya maji. Ofa ikiisha, maji ya uvuguvugu yanaitoa yote.

Mtoro_wa_Kusi
Kumbe ndiyo maana tambara lilitosha 😂😂

Abunuwasi_Barani
Afadhali yako imefutwa. Kuna hoteli Barabara ya Lamu kioo chake kimeandikwa "Buon Natale" tangu Disemba. Kaskazi inaisha, Wataliano washarudi kwao, bado Babu wa Krismasi ananikodolea macho nikienda kufuturu.

Shemeji_Mambrui
Nyinyi waandishi nyote ni wale wale. Ndugu yangu kafungua bucha, kachorewa mbuzi kiooni, watu wanaingia kuuliza kama anauza nyama ya mbwa. Na fundi kalipwa yote!

FundiVioo_Maweni
Sasa mbuzi anaingiaje hapa? Mimi nimefutiwa kwa tambara la

MamaMadera_Shela
Tushasikia tambara. Mie hili buibui nalifua na nini? Tangu juzi mfereji mkavu. Huko kwenu yanatoka?

Abunuwasi_Barani
Yatoke wapi? Barani tunanunua mitungi ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni kapandisha bei kwa sababu ya Ramadhani. Mto Sabaki huo hapo tunauona kwa macho, maji yanavutwa Baricho yanakwenda mpaka Mombasa, sisi tunalamba mfereji.

Shemeji_Mambrui
Na bili inakuja! Mfereji unapiga mluzi, bili inakuja!

Mtoro_wa_Kusi
Hebu ngojeni. Mji mzima hauna maji, huyo tajiri maji ya kupiga deki kayatoa wapi?

MamaMadera_Shela
Ana tangi juu ya dari, nimeliona. Nikishafuturu naenda na ndoo. Nani anakuja?

Abunuwasi_Barani
Mimi na mitungi minne. Tuktuk nani anachangia?