Gereji ilinihakikishia difu ni 4.7 bila hata kuchungulia chini ya gari. Sasa hafushafti imekatika!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa wageni: difu ni boksi la gia katikati ya ekseli (mhimili wa tairi) linalogawa nguvu kwa tairi, na hafushafti ni shafti inayotoka difu hadi tairi. 4.7 ni reshio yake: propela, ile shafti inayoleta nguvu kutoka gia boksi, huzunguka mara 4.7 tairi zikizunguka mara moja.

Nina Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88. Kwa miezi kadhaa spidomita ilikuwa inadanganya. Mshale unasoma 60, rafiki anayenifuata nyuma ananiambia tunakwenda 80. Nikaipeleka gereji. Wakabadilisha waya wa spidomita, wapi. Wakabadilisha spidomita yenyewe, wapi. Nikauliza kwa upole kabisa: je, aliyekuwa na gari kabla yangu hakubadilisha difu ya nyuma? Fundi mkuu hata hakuinama. "Series zote ni 4.7 mzee, kiwandani zilitoka hivyo." Nikalipa, nikaondoka.

Wiki iliyopita nikaingia kwenye tope, nikaingiza fowili, yaani tairi zote nne zisukume. Gari likawa zito, linagomagoma kama limefungwa kamba nyuma. Nikadhani ni tope tu. Nilipofika kwenye ardhi kavu nikataka kuitoa, ikabana, haitoki. Mita chache mbele, paa! Hafushafti ya nyuma kwaheri.

Vipande viliingia kwenye difu, ikabidi niishushe mwenyewe. Nikakaa chini, nikahesabu meno. Krauni, gia kubwa ya ndani, 46; pinioni, gia ndogo inayoizungusha, 13. Gawanya uone: 3.54. Hiyo ni reshio ya Range Rover! Inaingia kwenye ekseli ya Series bila taabu, na wengi huiweka ili injini isipige kelele kwenye barabara ndefu. Sina ugomvi na hilo, mradi uweke mbele na nyuma. Huyu aliyenitangulia aliweka nyuma peke yake. Mbele nimepima, 4.7 imekaa vilevile.

Yaani nimekuwa nikiendesha gari lenye ekseli mbili zisizoelewana. Ukitumia tairi za nyuma tu hutajua kitu. Ukiingiza fowili, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kwenda sawasawa, wakati tairi za nyuma zinataka kuzunguka karibu theluthi moja zaidi ya zile za mbele. Kwenye tope zitateleza. Kwenye ardhi ngumu pa kuteleza hakuna, kwa hiyo chuma ndicho kinacholipa.

Na spidomita je? Inachukua hesabu yake kwenye gia boksi, upande unaotoa propela, siyo kwenye tairi. Propela ikipungua mizunguko, mshale unashuka. 80 zidisha 3.54, gawanya kwa 4.7, unapata 60. Jibu lilikuwa mbele ya macho yao tangu siku ya kwanza, wao wakaniuzia spidomita!

Tena kupima kwenyewe si kazi ya kutisha. Kama ekseli ya nyuma ni Salisbury, ile nzito yenye kifuniko cha boliti kwa nyuma, unafungua kifuniko unahesabu meno. Yangu ni ile ya Rover yenyewe, mgongo mviringo usio na boliti, difu inatokea kwa mbele baada ya kuchomoa hafushafti. Sawa, ni kazi, silaumu mtu kwa kutoifungua. Lakini hata bila kufungua: gia nyutro, handibreki iachie (ya Land Rover hushika propela, kwa hiyo weka vizuizi vya maana kwenye tairi), inua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini. Weka alama ya chaki kwenye propela. Zungusha lile lililo juu mara 20, mwenzako anahesabu propela. Ikifika 47, ni 4.7. Ikifika 35 na kidogo, ni 3.54. Huwezi kukosea! Watu wawili, dakika kumi, chaki moja.

Na ninyi mnaojibu nyuzi za watu kwa haraka, nanyi mna sehemu yenu. Kila siku nasoma "zungusha tairi mara moja, hesabu propela, hiyo ndiyo reshio." Siyo! Kwa difu ya kawaida, tairi moja likishikwa, mzunguko mmoja wa lile jingine unakupa nusu tu ya reshio. Ukiinua yote mawili bila kushika lolote, moja linakwenda mbele lingine linarudi nyuma, propela inaweza isisogee kabisa. Ni difu ya kufunga peke yake ambayo tairi zote huzunguka pamoja, na hapo ndipo mzunguko mmoja unatosha. Mtu anasoma jibu lako la mstari mmoja, ananunua krauni isiyo yake.

Wala msiniambie habari za kibati cha chasisi au kitabu cha gari. Hivyo vinasema gari lilizaliwa na nini. Gari la miaka zaidi ya 40 limeshapita mikono mingapi?

Gereji nimewarudia. Wanasema hafushafti za Series ni dhaifu kwa asili, kwa hiyo hawahusiki. Udhaifu wake naujua, lakini mimi niliwauliza swali moja, wakanijibu bila kupima, na jibu hilo ndilo nililoliamini nilipovuta ile gia.

Natafuta difu ya Rover ya 4.7, krauni na pinioni ziwe pacha, namba zilizochongwa zifanane. Aliyenayo aweke picha ambayo meno yanahesabika. Ukiniambia unaijua kwa macho, sitakujibu.