Re: Re: London–Kisumu: fomu ya likizo inataka "umbali na muda"

Mtoto wa Nyalenda:
Wanajamii, ofisi ya wafanyakazi imenirudishia fomu ya likizo ya msiba. Nilijaza London–Kisumu, masaa 8 na nusu, wakasema haipatani na tiketi. Masaa ya kungoja Nairobi yanaingia kwenye muda wa safari au la? Fomu inatakiwa Ijumaa.

Section 58:
Pole sana kwa msiba. Masaa 8 na nusu ni Heathrow–JKIA (uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi) peke yake. Kurudi ni karibu 9, upepo unakuja mbele. Umbali ni kilomita 6,840 hivi, ongeza JKIA–Kisumu 280, jumla 7,120. Tena tiketi huandikwa saa za kila mji: kutoka 10:00 kufika 20:30 si masaa 10 na nusu. Wakati wa kiangazi London iko nyuma yetu masaa 2, ikifika mwisho wa Oktoba ni 3.

Jirani wa Kondele:
Section 58, unamchanganya mwenzako. 7,120 ndizo atakazoruka, lakini London–Kisumu kwa mstari mnyoofu ni kama 6,610. Hizo 510 za ziada ni za kwenda mpaka Nairobi halafu kurudi magharibi. Na fomu za huko huuliza maili! Gawa kwa 1.609. Usigawe kwa 1.852, hiyo ni maili ya baharini wanayotumia marubani. Ndiyo maana vikokotoo vingine vinaonyesha JKIA–Kisumu 151, watu wanadhani ni kosa.

Binti wa Mbale:
Poleni. Maili hazimcheleweshi mtu, JKIA ndiyo humchelewesha. Tiketi zikiwa mbili tofauti, mzigo hauunganishwi: unapanga foleni ya uhamiaji, unangoja sanduku kwenye mkanda, unapita forodha, unatoka nje na kwenda 1D, jengo la ndege za ndani, kujiandikisha upya. Acha masaa 4. Ndege ya pili ikitokea Wilson, ule uwanja mwingine wa Nairobi, ongeza safari ya mjini na foleni ya magari. Pima sanduku pia: ndege ndogo nyingi za Wilson zinakubali kilo 15, na wewe unatoka London na 23. Dakika 45 hadi 55 za Nairobi–Kisumu zinazoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama. Angani ni pungufu. Chukua ya asubuhi. Alasiri za Aprili mawingu hupanda kutoka ziwani na ndege huzungushwa angani.

Section 58:
Sikumchanganya mtu, nimeandika "jumla". Na wa Nakuru wasidanganywe kuruka hadi Kisumu: kurudi kwa gari ni kilomita 185. Shuka JKIA, panda gari, masaa 3, kama malori hayajakwama njiani. Kupanuliwa kwa hiyo barabara ya Rironi–Mau Summit tumeimbiwa kila uchaguzi.

Jirani wa Kondele:
Usilete siasa kwenye msiba wa mtu. Lakini ni kweli.

Mtoto wa Nyalenda:
Asanteni wote. Kisanduku cha muda kina nafasi ya namba moja tu. Ya kungoja niijumlishe au nisiijumlishe?

Binti wa Mbale:
Mkipita kwa gari, simamisheni Kinungi mchukue karoti, zile zenye udongo bado. Huku zinauzwa zimeoshwa hadi hazina ladha.