Kikundi cha Familia: Ijumaa ya Rashidi Jijini Tokyo

Rashidi: Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Bibi, shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Kesho Ijumaa hatuna mafunzo, kwa hiyo nina siku nzima ya kutembea Tokyo. Nimefikia Shinjuku. Nianzie wapi?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Usikose mnara wa Skytree, njia panda ya Shibuya, soko la samaki la Tsukiji na bustani za kasri la mfalme, kisha jioni ufike Yokohama uione bandari.

Ami: Waalaykumu salaam. Shangazi yako amekupangia safari ya wiki nzima. Tokyo ni miji mingi iliyoshikana, na treni ya Yamanote peke yake huizunguka kwa vituo 30, hivyo anayetaka kuigusa yote kwa siku moja huishia kuona ngazi za stesheni tu. Isitoshe, soko la jumla la samaki lilihamishiwa Toyosu mwaka 2018, na Tsukiji yamebaki maduka na migahawa ya pembeni. Bustani za mashariki za kasri nazo hufungwa siku ya Ijumaa.

Shangazi: Basi mpangie wewe uliyesoma huko.

Ami: Nitampangia. Swala ya Ijumaa ndiyo iwe nguzo ya siku, na mengine yaifuate. Rashidi, amka mapema upande treni ya Marunouchi hadi Akasaka-mitsuke, kisha ubadilishe uingie ya Ginza, ambayo ndiyo njia kongwe ya chini ya ardhi jijini humo, iliyofunguliwa mwaka 1927. Ukishuka Asakusa utalikuta hekalu la Sensoji kabla watalii hawajajaa. Ukimaliza, rudi kwa treni hiyo hiyo hadi Omotesando, ubadilishe uingie ya Chiyoda mpaka Yoyogi-Uehara, uliko msikiti wa Tokyo Camii.

Zuhura: Kaka, ukinunua tiketi ya siku nzima ya Tokyo Metro, elewa kwamba haitumiki kwenye Yamanote, kwa sababu ile ni ya shirika jingine.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Nenda salama, na usipige simu ndani ya treni, maana nasikia wenyewe hawapendi.

Rashidi: Nimefika Asakusa, na Bibi amesema kweli: behewa lilikuwa limejaa watu, lakini hakuna aliyepaza sauti. Nimependa kwamba asili ya hekalu hili inasimuliwa kwa habari za wavuvi; wanasema mwaka 628 ndugu wawili walinasa sanamu kwenye nyavu zao katika mto Sumida. Jengo kuu la zamani liliteketea katika mashambulizi ya ndege ya Machi 1945, na hili la sasa lilikamilika mwaka 1958. Skytree naiona kutoka hapa, Shangazi, yenye mita 634, nami nimeridhika kuitazama nikiwa chini bila kulipa kiingilio.

Shangazi: Ubahili huo umeurithi kwa ami yako.

Rashidi: Tumeshaswali. Msikiti una kuba na mnara wa mtindo wa Kiosmani. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1938 na jamii ya Watatari waliohamia Japani, na huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Uturuki. Hapa hapa kuna duka la vyakula vya halali, kwa hiyo Bibi asiwe na wasiwasi kuhusu tumbo langu.

Zuhura: Huko sasa ni saa ngapi?

Rashidi: Tumewatangulia kwa saa sita, na hilo lina uzuri wake: saa ya ukutani ya hapa ikionyesha 3 ya mchana, nyinyi huko mnasema saa tatu asubuhi, hivyo tarakimu ni ile ile.

Ami: Sasa shuka Meiji-jingumae upite ndani ya msitu wa hekalu la Meiji, uliopandwa miti takribani 100,000 iliyotolewa na wananchi, kisha utokee lango la kaskazini uende Shinjuku kwa miguu. Huko panda ghorofa ya 45 ya jengo la serikali ya jiji. Kutazama mji kutoka pale, mita 202 juu, ni bure.

Shangazi: Nilijua tu kwamba neno "bure" litatokea.

Rashidi: Nimo njiani, Ami. Ila stesheni ya Shinjuku ina milango zaidi ya 200, nitokee upi?

Ami: Kwa kuwa unakwenda kwa miguu, huna haja ya kuingia stesheni. Upite upande wake wa magharibi, ulitafute jengo lenye minara miwili pacha.