Eti wiki tatu kubadilisha sifuri kuwa moja?! Yule bwana amenivunjia heshima barazani

MtuWaLangoni (mwanzisha uzi)

Naandika mikono inatetemeka. Nimetoka barazani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Jina simtaji. Mnamjua. Ni yuleyule aliyemwambia fundi wa jenereta kwamba "kimsingi" jenereta ni pikipiki isiyokwenda popote. Yule ambaye kazi ya mwenzake siku zote ni ya dakika tano, na yake siku zote ni utafiti mzito.

Leo baada ya Isha, watu hawapungui kumi na watano, kahawa inazunguka. Nimefungua kompyuta niwaonyeshe vijana debaga yetu (programu ya kuisimamisha programu nyingine na kuchungulia ndani yake kutafuta makosa) ikifanya kazi juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD kwa mara ya kwanza. Ile ya terminali, ya kuandika amri tu, tuliyoiandika kwa ajili ya mfumo mwingine, Linux. Ikasimama kwenye brekipointi, pale nilipotia alama ya kusimama. Ikasoma rejista, vile vijisanduku vya namba ndani ya prosesa. Nikaiamuru iendelee, ikaendelea! Vijana wakapiga makofi. Ndipo yule bwana akainama, akatazama badiliko la mwisho kwenye kioo, akalisoma kwa sauti kama kadhi anayesoma hukumu: "Mstari mmoja. Sifuri imekuwa moja." Kisha akanigeukia. "Wiki tatu, ndugu yangu? Wiki tatu kubadilisha sifuri kuwa moja?"

Baraza zima likacheka.

Mzee wa kahawa alicheka mpaka akamwaga. Kicheko kilivuka maji kikafika Manda, ndege wakaruka. Punda aliyekuwa amelala pale ukutani aliinuka akanitazama, akaondoka, hakutaka kuonekana na mimi. Halafu, na hili ndilo linalonichoma mpaka sasa, yule bwana akanyoosha mkono AKAIFUNGA KOMPYUTA YANGU. Kwa kidole kimoja. Kidole chenye mafuta ya mahamri.

Sifuri imekuwa moja! Hivi anajua sifuri ile ilikaa wapi? Kwenye Linux, ukiiambia kerneli, moyo wa mfumo, kwa ptrace (mlango ambao debaga hupitia kuiamuru programu nyingine) kwamba programu iendelee, hoja ya tatu, yaani thamani ya tatu unayoipa, haitazamwi kabisa. Tia sifuri, tia elfu, programu itaendelea na safari yake. Kwenye FreeBSD hoja hiyohiyo ndiyo anwani ya kuanzia. Ukitia moja, maana yake endelea pale uliposimama. Ukitia sifuri, umeipeleka programu kwenye anwani sifuri, na huko hakuna kitu, inakufa papo hapo kwa ishara namba 11, ya kugusa kumbukumbu isiyo yako. Wala haikuambii "hoja ya tatu imekosewa". Inakufa tu, inakuachia maiti.

Basi mimi nikaanza kuishuku brekipointi. Ile baiti ya 0xCC tunayoipachika ili programu isimame, je, nimeirudisha ya asili? Nimeirudisha. Baada ya kunasa, kielekezi cha maagizo, kinachoonyesha agizo linalofuata, huwa kimeshapita baiti moja, je, nimekirudisha nyuma? Nimekirudisha. Nimekesha na hilo usiku kwa usiku, adhana ya alfajiri inanikuta nahesabu baiti.

Na hilo ni la mwisho tu aliloliona yeye! Hakuona kwamba kusoma rejista hoja zimehama: Linux inataka pointa (anwani ya mahali pa kuziweka) iwe ya nne, FreeBSD inaitaka ya tatu. Hakuona kwamba Linux kwenye mashine ya biti 64 inakusomea kumbukumbu baiti 8 kwa mara moja, FreeBSD ukisoma kwa amri ya PT_READ_I inakupa 4, kwa hiyo kila anwani niliyoisoma mwanzoni ilikuwa nusu. Hakuona ramani ya kumbukumbu niliyoiandika upya kupitia sysctl, njia ya kuiuliza kerneli, kwa sababu kwenye FreeBSD /proc, folda ya habari za programu zinazoendelea, haipachikwi mpaka uipachike mwenyewe. Yote hayo yalikuwa ndani tayari. Yeye kaona sifuri na moja.

Aende Matondoni, amsimamie kalafati anayezibia jahazi, amwambie: "Wiki nzima, kumbe umepigilia uzi mmoja wa pamba." Aone kama atarudi na nyundo kichwani au mkononi.

"Wiki tatu, ndugu yangu?" Tena ananiita ndugu yangu!

---

Dau_la_Shela

Pole sana kaka. Nimeshamjua kabla sijafika kwenye jenereta. Mwaka jana aliniambia tovuti yangu "ni rangi tu". Na kidole alifutia wapi baadaye?

MtuWaLangoni

Kwenye kanzu ya mtu wa pembeni! Hata yule wa pembeni alikuwa anacheka!

Mkunazi77

Mimi nilikuwepo. Nilicheka. Samahani sheikh, lakini ile "wiki tatu" aliitamka vizuri mno.

MtuWaLangoni

Mkunazi, kumbe ni wewe uliyekuwa karibu na nguzo! Nilikuona! Ulipiga mpaka paja!

Bepari_wa_Baiti

Mimi nitasema ukweli hata mkinichukia. Ukurasa wa mwongozo wa ptrace kwenye FreeBSD umeandika wazi kwamba moja ni kuendelea pale ulipoachia. Hata GDB, debaga maarufu ambayo Richard Stallman aliianza 1986, ukifungua faili lake la inf-ptrace.c utakuta inapitisha moja hiyohiyo, na maelezo juu yake ya kwa nini. Siku moja ya kusoma ingekuokolea ishirini za kukesha.

MtuWaLangoni

Bepari, mwongozo nimeusoma mpaka herufi zimefutika. Lakini mtu hashuku mstari ambao umefanya kazi Linux tangu siku ya kwanza. Unashuku ulichokigusa, sio usichokigusa. Na wewe umekaa upande wake, si ndiyo? Sema tu.

Bepari_wa_Baiti

Sijakaa upande wa mtu. Nimekaa upande wa mwongozo.

DadaWaTerminali

Jamani mwacheni. Bepari, hiyo GDB unayoisifu ina linux-nat.c na fbsd-nat.c mbali mbali, na mengine chungu nzima, kila mfumo na lake. Wangekuwa wanabadilisha sifuri kuwa moja tu, wangehitaji mafaili yote hayo ya nini?

Lakini kaka, na wewe ushukuru. Mimi nilipewa ya macOS, mfumo wa kompyuta za Apple. Kule ptrace ipo jina, mwili haupo. Kusoma rejista huwezi, kusoma kumbukumbu huwezi, yote uende kwa Mach, kiini cha mfumo wao, uombe task_for_pid, ruhusa ya kuishika programu nyingine, na task_for_pid inakukatalia mpaka debaga yako iwe imetiwa saini ya kidijitali. Nimelia siku nne kwa kunyimwa ruhusa na kompyuta niliyoinunua kwa pesa zangu. Na mteja alinilipa nusu. Nusu! Mpaka leo nusu ya pili anasema "kesho inshallah".

Dau_la_Shela

Mteja huyo si yule wa boti nyeupe?

DadaWaTerminali

Huyohuyo!

Dau_la_Shela

Basi hulipwi dada. Na mimi ananidai kwa kunidai. Yaani mimi ndiye niliyefanya kazi, na yeye ndiye anayenidai.

MtuWaLangoni

Tusitoke kwenye mada jamani. Kompyuta yangu ilifungwa KWA KIDOLE.

Omo_na_Tezi

Kwenye Ubuntu, aina ya Linux, nako usiniambie. Debaga ilikuwa inajiunga na programu inayoendelea bila shida, nikahamia mashine mpya, ikagoma. Kumbe kuna mpangilio wa ptrace_scope umewekwa moja, huruhusiwi kuifuatilia programu ambayo si mtoto wako, yaani hukuianzisha wewe. Huko ilibidi nibadilishe moja kuwa sifuri. Nyumbani kwangu hakuna aliyecheka.

Mkunazi77

Omo, basi muuziane. Yeye ana sifuri ya ziada, wewe una moja.

MtuWaLangoni

Mkunazi nitakukuta forodhani.

Malindi_Kwetu

Sisi huku Malindi umeme umekatika mara tatu yeo (nimeandika "yeo" badala ya "leo" ili watu wa Amu, yaani Lamu, mnielewe). Nyinyi mnalia na sifuri, mimi nimepoteza faili zima kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, ikiwa katikati. Mwenye betri ya kuazimisha ya kweli aniandikie, sio ile ya dakika saba.

Dau_la_Shela

Malindi mna umeme wa kukatika. Juzi hapa palikuwa hata cha kukatika hakuna.

Bepari_wa_Baiti

Swali la kiufundi. Ukifungwa kifuniko kompyuta ikalala, debaga ilipoamka ilikuwa bado imeshika programu?

MtuWaLangoni

Ilikuwa imeshika! Nimefika nyumbani, nimefungua, imesimama palepale kwenye brekipointi ya pili kama askari. Nikaiambia endelea, ikaendelea. Hiyo ndiyo kazi ya wiki tatu. Kifuniko kina alama ya mafuta bado. Sijaifuta. Sitaifuta mpaka aje aifute mwenyewe kwa ulimi wake wa "kimsingi".

Mama_wa_Tui

Samahani, mimi mambo ya kompyuta siyajui, mwanangu kaacha ukurasa wazi. Hayo mahamri yaliyoacha mafuta kifunikoni ni ya nani? Hamri likikaangwa mafuta yakiwa yamepata moto sawasawa halinywi mafuta hivyo. Huyo mpishi anatia kabla ya wakati.

Mkunazi77

Mama shikamoo. Ni ya yule bibi wa pembeni mwa msikiti. Zamani yalikuwa mazuri, sasa matupu ndani, hewa tu.

Mama_wa_Tui

Marahaba. Basi hatii tui siku hizi, anatia maji. Nilijua.

Malindi_Kwetu

Mahamri ya kweli yako Malindi, na mbaazi za nazi pembeni. Huko Amu mnakula unga uliokasirika.

Dau_la_Shela

MALINDI UMESEMA NINI?

DadaWaTerminali

Malindi futa hiyo haraka.

Omo_na_Tezi

Mtu aliyepoteza faili zima kwa umeme asituambie habari za mahamri.

MtuWaLangoni

Ndugu zanguni, nilikuwa nasema kwamba hoja ya tatu

Mama_wa_Tui

Mwanangu wa Malindi, hiliki unatia ya kusaga nyumbani au ya pakti?

Malindi_Kwetu

Shikamoo mama. Ya pakti.

Mama_wa_Tui

Ya pakti!

Dau_la_Shela

Haya, mmesikia wenyewe. Kuna boti ya asubuhi kutoka Mokowe, aje aonje.