Husuni Kubwa: tuiezeke au tuiache gofu?

Mtu wa Masoko
Wakuu, naomba hoja, siyo matusi. Husuni Kubwa, lile jumba la kale la sultani pale Kilwa Kisiwani, inaliwa na mizizi huku, bahari kule. Kwa nini tusiezeke walau ua mmoja, na lile birika la pembe nane tulitengeneze, watu waone Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliishije? Sasa hivi mgeni anapiga picha mbili, anauliza boti inarudi saa ngapi.

Fundi Chokaa
Kwa saruji, siyo? Ukiipeleka pale umeua jengo. Ule ukuta ni matumbawe na chokaa, unapumua. Saruji inaziba, chumvi inabaki ndani, jiwe linamumunyuka. Halafu unaezeka na nini? Vyumba vingi ni vyembamba kwa sababu vinafuata urefu wa boriti ya mkoko, mita tatu hivi basi. Kwingine waliachana na boriti wakapiga kuba. Nitajie fundi mmoja wa leo anayepiga kuba la matumbawe. Tena wataalamu wanaona jumba lenyewe halikumalizika. Utalimalizia wewe?

Bwana Hesabu
Mamilioni kwa jumba la Mwarabu, zahanati hazina dawa. Haya.

Binti Kilwa
Jumba la NANI? Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331, sultani huyohuyo akiwa kitini, akaandika kwamba wengi wa wakazi ni weusi tii wenye chale usoni. Wewe Mwarabu umemtoa wapi?

Bwana Hesabu
Sultani ni ukoo wa Mahdali, asili yao Yemen. Shuleni tuliambiwa Washirazi. Chagueni moja, dada.

Binti Kilwa
Babu katoka Yemen, sawa. Bibi je? Na waliozamia matumbawe, wakakata mikoko, wakachoma chokaa, nao walishushwa na jahazi? Usiniite dada.

Mpita Njia
Si ndiyo hilo Wareno walilichoma 1505?

Fundi Chokaa
Umechemka mkuu. 1505 waliuvamia mji. Husuni ilikuwa imeshahamwa zamani, popo tu. Wewe unawaza Gereza, ile ngome iliyo ufukweni. Hiyo ndiyo waliianzisha wao, Waomani wakaja kuijenga upya.

Mtu wa Masoko
Tukirudi kwenye paa...

Mpita Njia
Paa subiri. Huyo al-Hasan sarafu yake ya shaba imepatikana Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kule bara. Dhahabu ya bara ndiyo iliyojenga hilo jumba. Hesabu, hapo unasemaje?

Bwana Hesabu
Kwa hiyo sarafu ikifika Zimbabwe mwenyewe anakuwa Mwafrika? Mimi nina noti ya dola mfukoni, naomba uraia wa Marekani.

Binti Kilwa
Kumbe dola unazo! Basi kanunue hizo dawa za zahanati.