Maisha Namba: tuendelee nayo au tuseme basi?

Fundi Saa: 2019 sisi Wakenya tulipanga foleni ya Huduma Namba, nambari ya utambulisho ya serikali, tukapewa karatasi, kadi wengi wetu hatukuiona hadi leo. Sasa imekuja nyingine, Maisha Namba, nambari moja tangu kuzaliwa hadi kaburini, data zetu zote kabati moja. Swali langu dogo: nani analifungua kabati hilo, na akilifungua nitajuaje?

Mwenye Shamba: Anayeogopa nambari ana lake jambo. Babu zetu walivaa kipande shingoni, mbona hawakufa?

Bint Kibra: Kipande! Kijaluba cha chuma kinachoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, ndani kimeandikwa mzungu gani amekuajiri, ukitoroka kazi usakwe. Huo ndio mfano uliokujia?

Mwenye Shamba: Kipande kilikuwa cha wanaume, dada, kwa hiyo tuachie sisi. Halafu ile DNA (vinasaba) watu walioilalamikia kwenye Huduma Namba, serikali iliitoa yenyewe.

Wakili wa Baraza: Yenyewe wapi? Marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Usajili wa Watu yalitaka DNA na GPS ya mahali unapoishi. Januari 30, 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakavifuta vyote viwili. Usajili wenyewe hawakuukataza, ila walitaka kanuni kamili ziwepo kwanza. Oktoba 2021 mahakama hiyo hiyo ikasema kadi za Huduma Namba zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa hakuna aliyepima hatari kwa data za watu. Na Fundi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza data yako inatumiwaje. Kuuliza. Kujibiwa shauri yako.

Bint Kibra: Na waliotangulia kwenda kortini ni Wanubi, watu wetu wa Kibra wenye asili ya Sudan. Sisi ndio wenye "letu jambo", siyo? Nilipoomba kitambulisho nilipigwa msasa, yaani kuhojiwa asili yangu, mbele ya wazee, nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Cha babu! Februari 2025 Rais alitangaza msasa umekwisha, sawa. Ila nambari hii imejengwa juu ya daftari lile lile la vitambulisho. Aliyeachwa nje ya daftari ataipatia wapi?

Mwenye Shamba: Nimetaja Wanubi mimi? Usinilishe maneno. Nina shemeji Mnubi na tunakula sahani moja.

Bint Kibra: Shemeji huyo ana kitambulisho?

Mwenye Shamba: Hilo muulize yeye.

Mama Povu: Jamani, ninyi mnagombana, na mimi hata mlangoni sijafika. Nimefua nguo za watu miaka kumi na minane, vidole vimekuwa laini kama sabuni. Karani wa usajili alinipangusa kidole gumba mara tano, mashine ya alama za vidole inalia tu. Akaniambia nirudi "vidole vikipona". Kwani vinaumwa?

Wakili wa Baraza: Hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote humu.

Mwenye Shamba: Mama, paka glisarini usiku, vaa soksi mikononi, wiki mbili usishike sabuni. Mke wangu alifanya hivyo.

Mama Povu: Wiki mbili nisishike sabuni, watoto watakula nini?

Bint Kibra: Ndimu pia inasaidia.

Mwenye Shamba: Ndimu inachubua, usimdanganye mama wa watu.

Fundi Saa: Niliuliza nani anafungua kabati, naletewa ndimu.

Mama Povu: Glisarini ya kupaka nywele au ya duka la dawa?